Mpangaji Kutoka Mbau

Habari zinazotoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini kabisa la Msumbiji, aghalabu huwa ni habari za mapigano. Husikika kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa, au kwamba barabara fulani imefunguliwa. Ni nadra kusikika habari ya nyumba. Hata hivyo, kwa mtu aliyeikimbia Mbau akiwa na watoto na kanga mbili, swali la kwanza baada ya kunusurika ni atalala wapi, kwa nani, na kwa masharti gani. Mazungumzo haya yanahusu swali hilo. Yanawahusu askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu mbili. Kwanza, askari naye ni mpangaji, kwa kuwa si kila kambi ina nyumba za kutosha. Pili, ugomvi wa nyumba unapozuka, mtu wa kwanza kuitwa mlangoni ni askari.

Mbau ni makao ya tarafa katika Wilaya ya Mocímboa da Praia, kusini mwa mji wa wilaya hiyo. Ni sehemu ya mwambao ambao Wamwani, Wamakonde na Wamakua wameishi pamoja, na ambako Kiswahili si lugha ya kigeni masikioni mwa watu. Tarehe 5 Oktoba 1917 haikumbukwi na mtu huko, bali tarehe 5 Oktoba 2017 haitasahauliwa: siku hiyo watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, na vita vikaanza. Mwezi Agosti 2020 mji huo uliangukia mikononi mwa waasi. Ulikombolewa tarehe 8 Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda, ambayo baadaye mwezi huo huo yaliingia Mbau. Jeshi la Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambalo askari wa Tanzania walikuwamo, lilitumikia katika jimbo hilo tangu Julai 2021 hadi Julai 2024.

Kufikia mwishoni mwa 2022, hesabu za Shirika la Kimataifa la Uhamiaji zilionyesha kuwa watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao kaskazini mwa Msumbiji. Wengi wao hawakwenda kambini, bali walipokelewa katika nyumba za jamaa na za watu baki. Mwezi Oktoba 2020 majahazi na mashua zilizojaa watu zilitia nanga siku baada ya siku katika ufuko wa Paquitequete, mtaa wa kale wa Wamwani mjini Pemba, na wenyeji wa mtaa huo, ambao wenyewe si matajiri, wakafungua milango yao. Huo ulikuwa utu wa hali ya juu. Lakini nyumba ya vyumba viwili haiwezi kulaza watu ishirini kwa miaka mitatu. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mjini ni kazi, na ghala lake ni chumba cha kupanga.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mtu wa Mbau, kama walivyo watu wengi wa vijijini, hakuwa amezoea kupanga. Kwao nyumba hujengwa kwa fito, udongo na makuti, katika kiwanja ambacho babu yake alikitumia. Kodi ya mwezi, amana, dalali na kilemba ni maneno aliyokutana nayo mjini, wakati ambapo watu wengi mno walikuwa wakitafuta vyumba vichache. Mahali pa namna hiyo bei hupanda, na pamoja na bei hupanda ujanja. Ni wajibu basi kueleza, hatua kwa hatua, jinsi mtu anavyoweza kutafuta nyumba bila kupoteza fedha yake wala heshima yake.

Jambo la kwanza ni kujua uwezo. Mpangaji huulizwa kodi ya mwezi mmoja, lakini anayotakiwa kulipa siku ya kuingia ni zaidi ya hiyo. Kwa mfano tu, ikiwa chumba ni metikali 1,500 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, basi fedha inayotakiwa si 1,500 bali ni 10,500. Mtu akitoa fedha hiyo yote, kisha mwezi wa pili akagundua kuwa paa linavuja au kuwa choo kimejaa, hana tena nguvu ya kudai. Fedha ikiwa mfukoni mwa mpangaji humsemea. Ikiwa imekwisha kuingia mfukoni mwa mwenye nyumba hunyamaza. Kwa hiyo ni bora kuomba kulipa miezi miwili au mitatu, hata ikiwa kodi itaongezwa kidogo, kuliko kufunga akiba yote katika nyumba ambayo mtu hajailala hata usiku mmoja.

Jambo la pili ni kujua pa kuulizia. Katika miji ya Msumbiji, tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, kila mtaa una katibu wake, na chini yake wako wakuu wa vitalu na wakuu wa nyumba kumi. Mpango huo unafanana na ule wa mjumbe wa nyumba kumi ambao watu wa Tanzania wanaufahamu. Viongozi hao hujua nani ni mwenye nyumba kweli, nani ni mpangaji anayempangisha mwenziwe kwa siri, na nyumba ipi ina kesi. Kuuliza si ujinga. Mgeni anayeanza kwa mkuu wa nyumba kumi hupata mambo mawili kwa safari moja: hupata habari za nyumba, na hujulikana. Kujulikana katika jimbo lenye vita ni ngao, hasa kwa mtu ambaye karatasi zake ziliungua pamoja na nyumba yake.

Dalali naye ana kazi yake, wala si kila dalali ni mwongo. Lakini dalali halipwi kabla nyumba haijaonekana na kabla mwenyewe hajapatikana. Hila ya kale, inayojulikana Dar es Salaam, Mombasa na Pemba vilevile, ni ya mtu mwenye ufunguo ambaye si mwenye nyumba. Huonyesha chumba asubuhi kwa familia ya kwanza, adhuhuri kwa ya pili, na jioni kwa ya tatu. Hupokea malipo ya wote, kisha hatoweki peke yake, hutoweka na fedha. Kinga yake ni nyepesi: malipo yafanyike mbele ya kiongozi wa mtaa, ndani ya nyumba yenyewe, na jirani mmoja awepo.

Jambo la tatu ni kuitazama nyumba. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nyumba itazamwe mchana ili nyufa zionekane, na mtaa utazamwe usiku ili ijulikane kama pana mwanga, kelele au hatari njiani. Maji yako wapi, yanatoka kila siku au mara moja kwa juma, na ndoo moja ni kiasi gani? Choo kinatumiwa na familia ngapi? Umeme, kama upo, ni wa kulipia kabla kwa mita ya nyumba hiyo, au umevutwa kutoka nyumba ya jirani? Mita ikiwa moja kwa vyumba vitano, gharama itagawanywaje? Maswali haya yakiulizwa kabla ya kulipa ni busara; yakiulizwa baada ya kulipa huwa ni ugomvi.

Katika mwambao huo kuna swali jingine ambalo halifai kusahauliwa, nalo ni la upepo na maji. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, na mvua zilizofuata zilifurika mitaa ya mabondeni mjini Pemba. Tarehe 15 Desemba 2024 kimbunga Chido kiliingia katika jimbo hilo hilo, kikaezua mapaa na kubomoa nyumba kwa maelfu. Kwa hiyo mpangaji atazame mabati yamepigiliwaje, kuta zimesimama juu ya msingi wa aina gani, na maji ya mvua yanapita wapi. Chumba cha bei nafuu katika mkondo wa maji ni ghali kuliko kinavyoonekana wakati wa kiangazi.

Jambo la nne ni mapatano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano ya kupanga yaandikwe, hata kama ni katika ukurasa mmoja wa daftari la shule. Yataje majina ya pande mbili, mahali nyumba ilipo, kodi na tarehe ya kuilipa, miezi iliyolipwa mbele, na amana kama ipo, pamoja na masharti ya kuirudisha. Yaseme nani atatengeneza paa likivuja, na nani atalipa choo kikijaa. Yaseme vilevile kwamba anayetaka kuvunja mapatano atatoa taarifa ya muda gani. Kabla ya kuingia, pande zote mbili zipite chumba kwa chumba na kuandika kilichomo: vitasa, madirisha, taa, ufa ulio ukutani. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti, katika lugha anayoielewa, kisha aweke dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Kila malipo yawe na stakabadhi. Na akilipa kwa simu, ujumbe wa malipo usifutwe, maana nao ni shahidi.

Baada ya hapo libaki jambo dogo ambalo wengi husahau: kubadili kufuli. Haijulikani funguo za zamani ziko mikononi mwa watu wangapi.

Wasikilizaji, suala la kodi ya nyumba lina historia katika nchi hizi mbili jirani. Tanzania Bara, mwezi Aprili 1971, serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi laki moja na zaidi, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Msumbiji, tarehe 3 Februari 1976, Rais Samora Machel alitangaza kutaifishwa kwa majumba ya kupangisha, na usimamizi wake ukakabidhiwa chombo cha serikali kilichojulikana kwa herufi APIE. Watu waliokuwa wakiishi pembezoni mwa miji waliingia katika nyumba za saruji ambazo mpaka siku hizo walizitazama kwa mbali tu. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya nyumba hizo ziliuzwa kwa waliokuwa wakizikaa. Kwa hiyo leo mpangaji wa Pemba hupatana zaidi na mtu binafsi kuliko na serikali, na hiyo ndiyo sababu mapatano ya maandishi yana uzito kuliko zamani.

Sasa yafuate yale yanayomhusu askari mwenyewe.

Askari anayetafuta nyumba ni raia aliyevaa sare, na sare si fedha. Anapokwenda kuulizia chumba, aende akiwa amevaa nguo za kawaida, aulize bei kama wengine, na alipe kama wengine. Mwenye nyumba anayeshusha kodi kwa kuiogopa bunduki hajafanya biashara, ametozwa. Na mwenye nyumba anayemtoa mjane wa Mbau ili amweke ofisa mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kuonekana amefanya hesabu nzuri, lakini ofisa anayekubali kuingia katika chumba hicho huku akijua aliyetolewa amewatumikia adui bila kukusudia. Waasi hupata wafuasi kwa kuwaambia vijana kwamba serikali haiwajali. Mama aliyetupiwa vyombo vyake uani ni hotuba yao iliyo tayari.

Zaidi ya hayo, maisha ya askari yana jambo la pekee, nalo ni uhamisho. Amri hufika leo, na gari huondoka kesho. Askari asiyekumbuka hilo wakati wa kupatana hupoteza miezi aliyolipa, au huiacha familia yake ikidaiwa. Inafaa aandikishe kuwa akihamishwa kwa amri ya kazi, kodi ya miezi isiyotumika itarudishwa, au familia yake itaendelea kukaa mpaka muda uishe. Jina la mke liandikwe katika mapatano, ili asije akaambiwa kuwa yeye si mpangaji. Na silaha ya serikali isilale katika chumba cha kupanga, ambacho ukuta wake ni wa udongo na kufuli yake ni ya kununuliwa gengeni. Mahali pake ni ghala la silaha.

Kwa upande wa polisi, mambo matatu yanahitaji uangalifu. La kwanza ni kuwatoa wapangaji. Mwenye nyumba akidai kodi yake ana haki ya kusikilizwa. Lakini kumtoa mtu nyumbani kwa nguvu ni suala la mahakama, si la doria. Askari anayekwenda kubeba vitanda vya watu kwa ombi la rafiki yake hatekelezi sheria, anaivunja. Msumbiji ina taasisi ya serikali inayowapa msaada wa sheria watu wasio na uwezo, iitwayo IPAJ, iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Askari anayempeleka huko mpangaji na mwenye nyumba amefanya kazi ya amani bila kupiga risasi.

La pili ni ulaghai na unyanyasaji. Mwanamke anayeambiwa kwamba chumba atapewa kwa malipo ambayo si fedha hana budi kupata mahali pa kusemea, na mahali hapo pawe kituo cha polisi. Akifika kituoni akachekwa, hatarudi tena, na wengine hawatakuja. Shauri lake lipokelewe faraghani, liandikwe, na lifuatiliwe.

La tatu ndilo gumu zaidi, nalo ni utambulisho. Ni kweli kwamba adui huweza kupanga chumba. Ni kweli vilevile kwamba watu wengi waliokimbia hawana vitambulisho, kwa sababu viliungua. Askari anayemchukulia kila asiye na karatasi kuwa ni mwasi atawafanya watu wote wa Mbau wajifiche, na mtaa wa watu waliojificha haumpi polisi habari hata moja. Njia iliyo bora ni daftari la mtaa. Mgeni aandikwe na mkuu wa nyumba kumi, aeleze ametoka kijiji gani, alikuwa chini ya kiongozi gani, na ni nani kati ya watu waliotangulia anayemfahamu. Mtu wa kweli wa Mbau atataja msikiti, kisima, ukoo na njia ya kwenda shambani, na wenzake watamthibitisha. Yule anayeshindwa kutaja hata jirani mmoja ndiye wa kuulizwa zaidi. Hapo usalama na haki havipingani.

Wasikilizaji, kuanzia 2022 watu walianza kurejea katika Wilaya ya Mocímboa da Praia. Wengine walikuta ukuta mmoja umesimama, wengine walikuta majani. Na amani haikurudi kwa siku moja: mwezi Septemba 2023 watu wa Naquitengue, katika wilaya hiyo hiyo, waliuawa kijijini kwao. Kwa hiyo wako wanaorudi, wako wanaosita, na wako wanaogawa familia, baba akienda kulima na watoto wakibaki mjini katika chumba cha kupanga ili wasome. Mtu wa aina hiyo ana nyumba mbili na hana hata moja iliyo salama kabisa. Chumba cha mjini kisipokuwa na mapatano, na kiwanja cha kijijini kikichukuliwa na mwingine, amekosa kote.

Ndiyo maana askari walioko vijijini wanapaswa kujua kuwa nyumba isiyo na mtu si nyumba isiyo na mwenyewe. Kwa sheria ya ardhi ya Msumbiji ya 1997, ardhi ni mali ya dola na haiuzwi. Lakini haki ya kuitumia, iliyopatikana kwa mila na desturi, inatambuliwa hata kama mtu hana hati, na ushahidi wa majirani kwa mdomo unakubalika kuwa uthibitisho. Maana yake ni kwamba moto ulioteketeza karatasi za mtu wa Mbau haukuteketeza haki yake. Kikosi kikilazimika kutumia nyumba kwa ajili ya ulinzi, kiandike ni ya nani, imechukuliwa lini, na ilikuwa katika hali gani, na kiongozi wa kijiji apewe nakala. Milango isigeuzwe kuni, wala mabati yasisafiri na magari ya jeshi.

Wazee wa mwambao huo wanalikumbuka jambo moja. Vita vya ukombozi vilianza Chai, si mbali na Mbau, tarehe 25 Septemba 1964, na maelfu ya watu wa Cabo Delgado walivuka Mto Ruvuma kuingia Tanzania. Walipokelewa Rutamba katika Lindi na Muhukuru katika Songea, wakapewa ardhi, wakajenga na kulima, na baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975 wengi walirudi kwao. Hawakuwa na hati wala amana; waliaminiwa. Waliowapigania wapiganaji hao kwa chakula na kwa siri walikuwa ni wananchi walioheshimiwa majumbani mwao.

Somo hilo halijachakaa. Mji haukombolewi kwa kupandisha bendera peke yake. Umekombolewa pale mtu anapoweza kufunga mlango wake jioni akijua kuwa asubuhi ataufungua mwenyewe. Mpangaji aliyetoka Mbau ahesabu uwezo wake, aulize kwa viongozi, atazame nyumba, aandike mapatano na atunze stakabadhi. Mwenye nyumba apokee kodi yake na aheshimu neno lake. Na askari, awe wa jeshi au wa polisi, apitapo mlangoni hapo, apite kama mlinzi wa mlango huo.